Kifupa cha Sungura

Mwaka huo mvua iliaga nyikani kama mdaiwa: ilisema inarudi sasa hivi, isionekane tena. Kisima kikakauka, nyasi zikawa vumbi, na kila mnyama akabaki na kibuyu chake cha mbegu za mtama, akingoja wingu. Kula mbegu ilikuwa mwiko. Kuzichezea kamari? Hilo hakuna aliyekumbuka kulipiga marufuku.

Sungura ndiye aliyeikumbuka kamari yenyewe. Alikaa kando ya kisima na vifuu vitatu vya nazi na kifupa chenye mafuta, akawa anakifunika kifupa, anavizungusha vifuu na kuita, "Kifupa kiko wapi? Ukikipata, konzi yako ya mbegu inarudi mbili!"

Simba mwenyewe alikuja kucheza, akaliwa mbegu zake mfululizo. Lakini mfalme hashindwi. "Sikuliwa mimi," alinguruma. "Nimemtunza kijana." Wanyama wakapiga makofi, na kesho yake foleni ikarefuka, maana mchezo uliotunzwa na mfalme utakuwaje wizi?

Wa kwanza kwenye foleni kila siku alikuwa Fisi. Alikuwa mtaalamu wa vifuu, kwa maneno yake mwenyewe. Kila akikosa, alijua hasa alipokosea.

"Nilikuwa nakikaribia!"

"Ilibaki kidogo tu, Bwana Mkubwa," Sungura alimwambia kwa adabu. "Macho kama yako sijapata kuyaona."

Basi Fisi alirudi nyumbani mbegu zimepungua, kichwa kimevimba. Mkewe alikiinua kibuyu, akasikia kilivyo chepesi.

"Baba Watoto, mvua ikinyesha tutapanda nini? Macho yako?"

"Mke wangu, nimebakiza kidogo nizirudishe zote. Kesho..."

"Kesho yako ya jana nimeiona."

Mkewe hakubishana zaidi. Alikichukua kibuyu akakipeleka kwa Kobe, aliyewatunzia wenzake vitu pangoni kwake juu ya mlima. Kobe alikuwa na desturi yake: hakumnyima mtu mali yake, ila kuifuata alikwenda mwenyewe, kwa miguu yake mwenyewe.

"Mumeo akizitaka, aniambie tu," alisema Kobe. "Nitamletea."

Fisi aliposikia alicheka sana. Kobe aliposhuka bondeni alfajiri moja, Fisi alimwendea. "Mzee, niletee kibuyu changu. Leo nina bahati, naisikia mwilini."

"Naam, baba," alijibu Kobe, akaanza safari. Jua lilipopanda alikuwa bado hajakipita kichuguu cha kwanza. Fisi alimtukana weee. Kobe akamshukuru kwa kumtia moyo, akaendelea vilevile.

Fisi akaenda kungojea kisimani. Aliomba acheze, mbegu zije baadaye.

"Bila mbegu kaa nyuma huko," alisema Sungura bila kugeuka. "Hayo macho yako yanatuzibia upepo."

Fisi akakaa nyuma, amenuna. Hakuwa na dau, hivyo hakuwa na sababu ya kuvikodolea macho vifuu. Alibaki na njaa yake tu. Hapo pua, ambayo haikuwa imefanya kazi tangu mchezo uanze, ikaamka. Vifuu vilinuka nazi kavu. Harufu ya mafuta ilitoka juu zaidi, nyuma ya sikio la Sungura.

Usidhani Fisi aliinuka kutetea haki. Haki haina uboho. Alikirukia kifupa, akakipata, pamoja na kipande cha sikio. Sungura alipiga yowe, vifuu vyote vitatu vikapinduka, na chini yake palikuwa na vumbi tupu.

"Kumbe hakikuwamo!" alilia Swala, aliyekuwa ametoka kuweka konzi yake ya mwisho.

Wanyama walimkimbiza Sungura mpaka akahama nyika, wakafukua shimo lake. Walikuta maganda. Mbegu alikuwa amezila, naye alikuwa na njaa kama wenzake. Chache zilizosalia alizichukua Simba. "Nilijua tangu mwanzo," alitangaza. "Nilikuwa nachunguza."

Siku ya tatu jioni Kobe akafika. "Kibuyu chako, baba. Samahani kwa kukuweka."

Fisi alikipokea, akaangaza huku na huku kama kuna mwenye vifuu. Hakuwapo. Aliyekuwapo ni mkewe, na jembe. Fisi akaona haya, kwa mara ya kwanza maishani mwake, na tone la mvua likamdondokea puani.

Msimu ule nyika nzima ilikuwa na shamba moja tu la mtama. Mavuno yalipofika, majirani walipanga foleni mlangoni kuomba mbegu, na Simba nyuma yao, akisema amepita tu kusalimia. Fisi aliwasimulia jinsi alivyozaliwa na bahati. Mkewe aliwapimia konzi mojamoja, akamwambia kila mmoja azipitishe kwanza kwa Kobe, zitunzwe mpaka mvua.

Akiba haiozi.