Jina la Mtoto wa Nyumba ya Maji

Hapo zamani, mtoto wa kwanza kuzaliwa mwezini alifikisha siku ya saba hana jina. Mama yake, Mwanakombo, alikuwa na majina matatu na mtoto mmoja. Kwao, binti wa kwanza hurithi jina la shangazi wa mama yake, nao mashangazi walikuwa watatu, wote hai, wote wanamdai.

Mwanakombo aliyajua yote waliyotenda. Kabla yao, watu walitaka kuhamia mwezini wakashindwa, maana huko hakuna hewa ya kukinga mionzi, nayo humla mtu kimyakimya bila kuhisi. Ni mingi kiasi gani? Hakuna aliyejua.

Tunu, mkubwa wao, akaunda vipimo viwili vya mionzi, vidogo kama viberiti. Vya wenzake vilikufa vikijaribiwa. Vyake havikufa.

Mize, mdogo wao, akaenda navyo kuuzunguka mwezi. Kimoja alikibandika ukutani mwa chombo cha anga. Cha pili aliamriwa akivae kifuani, asikivue. Akakivua. Kilimchubua, akakichomeka kati ya mifuko ya maji ya kunywa, akakisahau. Ndipo jua likachafuka, likatapika mionzi.

Aliporudi, kipimo cha ukutani kilikuwa kimepanda vibaya, cha pili kimesogea kidogo tu. Wakuu wa safari wakasema hicho kimeharibika, kitupwe. Sikudhani, dada wa kati, ndiye aliyesoma vipimo. Akakataa.

"Kazi ya Tunu haiharibiki hivihivi. Mize, ulikivaa?"

Mize alijua akisema kweli hatapanda chombo tena.

"Nilikivua, dada. Nilikitia kwenye maji."

Hakupanda tena. Lakini Sikudhani aliruka kitini, maana alikuwa ameshaona: maji yameizuia mionzi. Zikajengwa nyumba mwezini, kuta zimejaa maji, watu wakahamia wakiimba. Humo Mwanakombo alijifungua, mtoto mzima, kilio chake kikatikisa kuta.

Sasa akawapigia simu shangazi zake duniani. Tunu akauliza kama bila yeye wangepima mionzi kwa kidole. Sikudhani akacheka, akasema kosa la Mize lingekuwa jalalani mpaka leo kama si yeye kuuliza.

"Nyinyi mlikaa vitini," Mize akawajibu. "Mimi ndiye niliyetapikiwa na jua. Na kusema kweli kumeninyima anga."

"Ulivunja amri, mdogo wangu," Tunu akamchoma.

"Ningeitii, dada, huyo mtoto angezaliwa wapi?"

Kisha wote watatu wakamsikia mtoto akilia, kwa nguvu, kama mwenye nyumba, nao wakacheka hadi wakatokwa machozi.

Mwanakombo akamwinua binti yake, akasogeza mdomo sikioni mwake. Haya, nyinyi mliosikia: amnong'oneze jina gani? Tunu, Mize, au Sikudhani?