Supu ya Mahindi ya Bi Pelele

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko yao na majirani wasumbufu kama hawa wetu, aliishi Bi Pelele, yule mnyama mdogo wa majabalini asiye na mkia. Alikuwa na watoto watatu, na wa mwisho, Kidawa, ndiyo kwanza alikuwa anainuka kutoka kwenye homa. Mbavu zake ungezihesabu ukiwa ng'ambo ya mto.

Cha kumrudishia Kidawa nguvu kilikuwa kimoja tu: supu ya mahindi mabichi. Bi Pelele alifundishwa kuipika na panya mmoja wa melini, kwao Ufilipino, mwenye maneno mengi lakini mpishi kwelikweli. Unayakwangua mahindi, kwaru kwaru, mpaka maziwa yake yatoke. Unakaanga saumu na kitunguu, chwaaa! Unatia maji, boga, na yale mahindi. Mwisho majani ya mlonge. Na unakoroga. Unakoroga mpaka mkono ukuulize kama una akili.

Tatizo lilikuwa jirani, Mzee Kiboko. Supu ikiiva tu, huyo! Tifu, tifu, tifu, na beseni kwapani.

"Hodi! Mimi kwanza! Maji ya chunguni yametoka mtoni, na mto ni wangu!"

Beseni lake likishajaa, chunguni hubaki ya kulamba tu.

"Mama, na leo tutalamba mwiko?" Kidawa aliuliza siku moja, sauti kama ya mbu aliyechoka.

Shambani yalibaki mahindi ya kupika mara mbili, basi. Bi Pelele akatazama chungu, akatazama njia ya mtoni, akauweka mwiko chini.

Siku hiyo alizidisha maji, na supu ilipoiva akaondoa kuni, asikoroge tena. Mahindi na boga vikashuka, vikatulia chini, jwiii. Juu yakabaki maji na majani yanayoelea.

"Hodi! Mimi kwanza!"

"Karibu, mzee. Nikupakulie ya juu au ya chini?"

"Ya juu, bibi wee! Mimi wa kupewa ya chini?"

Beseni likajaa. Kiboko akanywa, fyuuuu!

"Mbona nyepesi hivi?"

"Si ulisema maji ni yako, mzee? Nimekupa yaliyo yako."

Kiboko akafikiri. Kufikiri kwake hakukuwa kazi ya haraka. Akaona ameheshimiwa, akaenda zake. Lakini njiani akakumbuka amesahau bakora yake, akarudi, na hapo akawakuta watoto mashavu yamefura, supu nzito imewaganda mpaka puani.

"Alaa! Kumbe zito liko chini!"

"Liko chini, mzee," alisema Bi Pelele, akiwasogeza watoto nyuma yake.

"Kesho vipakulie hivi vitoto kwanza hayo maji yao. Ya chini yote yangu! Ukinidanganya, naikalia nyumba yako na wewe ukiwa ndani!"

Kesho yake Bi Pelele akakoroga tangu mwanzo mpaka mwisho. Chungu kizima kikawa kizito, juu kama chini. Kiboko akaja, akaketi, puu! Vumbi likadondoka darini.

Bi Pelele akawapakulia watoto, bakuli zikafurika. Akajipakulia na yeye. Kiboko hata hakutazama. Macho yake yalikuwa kwenye kitako cha chungu.

"Sasa yangu!"

"Imebaki ya chini, mzee. Uichukue sasa, au izidi kuwa nzito?"

"Izidi! Ongeza kuni!"

Akaongeza.

"Nikoroge?"

"Usiguse! Utaniamshia zito langu. Liache lilale!"

Bi Pelele akakunja mikono. Moto ukavuma.

"Harufu gani hiyo?"

"Ndiyo harufu ya zito, mzee."

"Ahaa!" Kiboko akavuta pumzi, akatabasamu.

Alipokiinamisha chungu, hakikutoka kitu. Akakwangua kwa jino, akang'ata. Kra!

"Ptu! Ptuu! Umenidanganya wewe!"

"Wapi, mzee? Ulitaka ya chini, hiyo ni ya chini. Ulitaka kuni, nikaongeza. Ulisema nisikoroge, nimekaa kimya kama mgonjwa."

Kiboko akautafuta uongo huku na huku, asiuone, na ulimi mweusi kama sizi.

"Jana maji, leo makaa! Supu yenyewe iko wapi?"

Kidawa, kitumbo kimejaa kama ngoma, akafungua mdomo.

"Beuuuu!"

"Hiyo hapo," alisema Bi Pelele, akaenda kuosha mwiko.

Chungu kimeisha na maneno yangu yameisha, na ninyi mliojilaza hapo mnanitazama, shikeni hili: anayekaa kitako akiamuru asichokijua kupika, ale alichoagiza.