Kifaru Alipojitoa Gulioni

"Masikio yapo?"

"Yapo, yamesimama!"

"Nimekuja na ngano."

"Ipakue ingali moto!"

Basi zamani hizo, katika bonde moja la nyika, wanyama walikuwa na gulio lao. Kila siku ya tano walikutana, na siku hiyo bonde zima halikuwa na mpaka. Tembo alichimba visima kwenye mchanga wa mto mkavu, wote wakanywa. Nyegere alileta asali. Yangeyange, ndege mweupe, alipanda migongoni mwa wenzake, dono, dono, dono, akala kupe. Pimbi, asiye na mkia wala pembe, alikaa juu ya mwamba na kupiga kelele, kwiii, akimwona chui. Kifaru yeye alikuwa na ardhi yenye udongo wa chumvi, na kila mmoja alikwenda kulamba bure, kama yeye alivyokunywa bure kwa Tembo.

Miaka ikapita. Siku moja Kifaru akasimama mbele ya chumvi yake akaanza kuhesabu ndimi. Ulimi wa swala. Ulimi wa nyati. Ulimi wa pimbi. "Wote wanalamba changu," akawaza. "Mimi nalamba cha nani?" Alikuwa ametoka kunywa kwa Tembo asubuhi hiyohiyo, lakini hilo halikumjia.

Siku ya gulio akasimama katikati.

"Ninajitoa," akasema.

"Unajitoa wapi, Mzee?" akauliza Yangeyange. Yeye ndiye aliyekuwa katibu wa gulio, na wakati huo alikuwa juu ya mgongo wa Kifaru.

"Humu, katika umoja wenu. Anayetaka chumvi yangu aje na mzigo wake, nusu aniachie."

"Na maji utakunywa ya nani?"

"Yangu."

"Yako yapi? Kwako kuna tope tu."

"Nitakunywa tope langu!"

Gulio likacheka. Kifaru hakucheka.

"Ndugu yangu," akasema Tembo, "ukifunga kwako, nasi tutakufungia kwetu. Si kwa ubaya. Mpaka hauna upande mmoja."

"Siku tatu bila chumvi mtakuja mmepiga magoti. Naapa mbele yenu nyote: miguu yenu haivuki mpaka wangu bila ruhusa, na mguu wangu hautavuka kuja kwenu."

"Hapo umesema, Mzee!" Pimbi akapiga makofi, pwa, pwa, pwa. "Msimamo ndio huo!"

Yangeyange akatembea mpaka begani, akasita, kisha akaruka. Kifaru akasikia mgongo umekuwa mwepesi. Akadhani ndio uhuru wenyewe.

Sasa, ukoo wa Pimbi uliishi kwenye mwamba uliokuwa ndani ya ardhi ya Kifaru. Jioni ileile akawaambia, "Ninyi mmebaki kwangu. Kila asubuhi mtaniletea majani mabichi, niyale kabla hamjala ninyi."

Pimbi akainama. "Sawa, Mzee. Ila nchi iliyojitenga huwa na mpaka. Wageni wataujuaje wako?"

"Kwa mavi yangu."

Kifaru haoni mbali. Anachokiamini ni pua. Tangu enzi za babu zake, palipo na rundo la mavi yake ndipo mwisho wa ardhi yake, na kila asubuhi huzunguka rundo kwa rundo, akanusa, akaongeza.

"Mavi!" akasema Pimbi. "Huo ni ushahidi usiopingika."

Mchana, Kifaru alipolala kwenye tope, Pimbi akawaita madundu, wadudu wale wanaobiringisha mavi. "Jamani, kazi ipo. Biringisheni kuelekea ndani. Hatua ishirini tu."

Biringi, biringi, biringi.

Asubuhi Kifaru akazunguka. Fyu, fyu, akanusa. Akapata mavi yake, akaridhika, akaongeza. Migunga ya mashariki ikabaki nje.

Mchana wa pili, biringi, biringi, biringi. Asubuhi, fyu, fyu. Akapata mavi yake, akaridhika, akaongeza. Mwamba wa pimbi ukabaki nje, na majani yakakoma kuletwa. "Wavivu hawa," akasema Kifaru, akarudi kwenye tope.

Siku tatu zikaisha. Hakuna aliyekuja amepiga magoti. Kupe wakamjaa masikioni, na tope likawa chungu mdomoni. "Kesho watakuja," akasema. Mchana huo, biringi, biringi, biringi. Asubuhi, fyu, fyu. Akapata mavi yake, akaridhika, akaongeza.

Alikuwa hajamaliza kuongeza aliposikia ndimi. Lap, lap, lap, ndimi nyingi. Akatimua mbio, vumbi likaruka.

"Nani kawaruhusu kulamba chumvi yangu?"

"Simama hapo hapo, Mzee!" Pimbi akapaza sauti. "Unavuka mpaka!"

"Mpaka gani? Hiyo ni chumvi yangu!"

"Nusa."

Kifaru akanusa rundo lililokuwa mbele ya miguu yake. Yalikuwa mavi yake, mabichi, ya asubuhi ile. Chumvi ilikuwa ng'ambo, hatua tano. Angeweza kusema mavi yale si yake, lakini nani angemwamini? Angeweza kuvuka, lakini wote waliokuwa wakilamba walisikia kiapo chake. Nyuma yake lilibaki tope moja, na mavi pande zote.

Akainamisha pembe. "Nataka kurudi gulioni," akasema.

"Kurudi kunahitaji kikao," akasema Yangeyange kwa upole. "Na kila mwanachama akubali."

"Mimi nakubali," akasema Tembo.

"Hata mimi," akasema Nyegere.

Wakamgeukia Pimbi, ambaye sasa ndiye aliyekaa kando ya chumvi.

"Sikatai, jamani," akasema Pimbi. "Naomba tu nafasi nishauriane na ukoo."

Ukoo wa pimbi una vichwa mia nne, na kila kichwa hupenda kusema. Mpaka leo wako mwambani, kwii, kwii, kwii, wanashauriana.

Kila siku ya gulio Kifaru huja akasimama mpakani. Yangeyange humwona, hufungua mbawa, kisha huzikunja.

"Bado, Mzee."

"Nipo," hujibu Kifaru. "Wasalimie."

Ngano nimeikunja kama mkeka, anayeitaka aibebe kwapani. Na fundisho lake ni hili: mkiona mnaelewana na majirani, jitoeni upesi, msije mkazoea.