Jinsi Mtaa wa Sahani Ulivyopata Jina

YAH: PENDEKEZO LA KUBADILISHA JINA LA UCHOCHORO NAMBA KUMI NA NNE, AMBAO HAUNA JINA. KIKAO CHA TATU CHA KAMATI NDOGO YA VIBAO.

Ndivyo lilivyoandikwa jalada. Jalada tuliweke kando, lina vumbi. Nawaita, jamani!

— Tumeitika!

Nilete?

— Leta!

Na hadithi ikiwa nzito?

— Tutasaidiana!

Basi hapo kale, kale sana, wanyama na watu walipokuwa wakipanga foleni dirisha moja, palikuwa na Kanga, ndege mwenye madoa, na jirani yake Njiwa. Walikaa uchochoro mmoja, mlango kwa mlango. Njiwa akipika, Kanga anaonja. Kanga akipika, Njiwa anaonja. Na desturi ya mji ule mnaijua: sahani ya jirani hairudishwi tupu.

Siku moja Njiwa alileta visheti. Vilikuwa vimeungua upande mmoja.

"Uvile kwa huruma, shoga. Moto ulinishinda."

Kanga akavila, akaiosha sahani, akaenda sokoni kutafuta cha kuirudishia. Huku nyuma Baraza la Mji likaja na kopo la rangi nyekundu. Nyumba ya Njiwa ikapigwa alama ya X, ikavunjwa. Barabara ilikuwa ipanuliwe. Kanga kurudi, nyumba hakuna, Njiwa hayupo.

Mashavu, mama muuza maji, alikuwa ameachiwa ujumbe. "Amesema usihangaike. Sahani ataipitia mwenyewe."

Barabara haikupanuliwa. Mhandisi alihamishwa.

Kanga akakaa mlangoni na sahani yake. Kila apitaye akamuuliza, "Umemwona Njiwa? Mwambie sahani yake ipo." Leo akauliza, kesho akauliza, mwaka ukaisha akauliza. Kila mtu akaijua habari ya visheti, mpaka kuungua kwake wakakujua. Wachukuzi wakaanza kuambiana, "Tua mzigo pale kwenye sahani."

Baraza likaudhika. Uchochoro unapataje jina bila kikao? Mwenyekiti, Bwana Fisi, akaagiza kibao: BARABARA YA MWENYEKITI FISI.

Kanga akashtuka, akaenda ofisini. Karani Nguchiro alikuwa anakunywa chai.

"Baba, Njiwa hajui barabara ya Fisi. Akija akaulizia kwangu, nani atamwelekeza? Atapotea."

"Leta barua, mama."

Akaleta barua.

"Mwenye mhuri yuko likizo."

"Anarudi lini?"

"Hilo nalo linahitaji barua."

Watu wakapita chini ya kibao wakisema sahani, sahani. Baraza likaweka kibao cha pili: MTAA WA MAENDELEO. Watu wakaanika nguo juu yake, wakasema sahani, sahani.

Mara ya tatu Fisi akasema, "Tatizo si kibao. Tatizo ni hiyo sahani. Njiwa akija kuichukua, kelele zitakwisha."

"Lakini Njiwa hayupo, mheshimiwa."

"Njiwa wako wangapi duniani? Niletee mmoja!"

Nguchiro akamleta Tetere, ndege wa jamii ya njiwa, amejitanda ushungi hadi machoni. "Shoga!" akaita Tetere. "Nimeipitia sahani yangu."

Jamani, Kanga aliruka! Akakoroga, akakaanga, akaijaza sahani kaimati za moto, akatoka nayo huku machozi yanamtiririka. Miaka minne alikuwa akiingoja sauti ile. Ndipo akauliza, wala si kwa kumjaribu, ni kwa hamu tu ya kusikia: "Shoga, unakumbuka uliniletea nini siku ile?"

Tetere akamtazama Nguchiro. Nguchiro akafungua jalada. Jaladani hamna.

"Wali," akasema Tetere.

Uchochoro mzima ukajibu: "Visheti!"

"Vilikuwaje?" akapaza Mashavu.

"Vimeungua!"

"Wapi?"

"Upande mmoja!"

Ushungi ukadondoka. Tetere huyo, juu ya paa. Nguchiro akakimbia, kiatu kimoja kikabaki. Fisi, aliyekuja kushuhudia, alizomewa kutoka pale hadi mlango wa ofisi yake, na tangu siku hiyo huzunguka mbali asipite njia ile. Mashavu akaichukua brashi ya Baraza, akakifuta kibao, akaandika: MTAA WA SAHANI.

Watu wakacheka mpaka wakaegemeana. Kanga hakucheka. Alisimama amezikodolea macho kaimati zake.

"Zimepoa," akasema.

"Tugawie sisi, dada," Mashavu akamwambia taratibu. "Akija utampikia nyingine."

"Nitampikia nyingine," akasema Kanga. Akazigawa zote, akaiosha sahani, akarudi kukaa mlangoni.

Funzo ni hili, wasikilizaji: Baraza laweza kuvunja nyumba ya jirani yako kwa asubuhi moja, lakini haliwezi kukuamrisha umsahau. Na anayetumia hila juu ya hamu ya mwenzake, mtaa mzima utamzomea.

Hadithi nimeitua hapa. Anayekwenda njia moja nayo aibebe.

— Tumeibeba! Na Njiwa je?

Njiwa hakurudi. Kanga alimngoja mpaka akafa, na Baraza halikuweka kibao kingine.