Matanga Matatu ya Bi Kobe

Wewe Kibwana, usinikunjie pua kabla sijafungua mdomo. Kama huamini kwamba Fisi aliwahi kulea wazee, nenda kamuulize mwenyewe. Nimesoma hadi darasa la nne tu, lakini uongo naujua: ni ule unaoletwa umepigwa muhuri.

Haya. Nikisema "Nimeikuta," nyinyi semeni "Iko wapi?"

Nimeikuta!

Iko wapi?

Imekaa mlangoni kwa Fisi.

Fisi alijenga nyumba ya kutunzia wazee. Mzee anatoa shamba lake. Fisi anampa kitanda, uji na wa kumwogesha, mpaka afe. Akaja Mbuni, akatoa shamba. Mvua haijanyesha, Mbuni amekufa. Akaja Nyani, akatoa shamba. Mwezi haujaandama, Nyani amekufa. Uji wenyewe ulikuwa mwepesi, unajiona uso ndani yake. Na kila msiba Fisi alilia kwa jicho moja, la pili likipima mipaka.

Ndipo akaja Bi Kobe. Nyati alikuwa amemkanyaga mguu wa nyuma, kulima hawezi tena. Mtoto hana. Ana shamba la mihogo kando ya kijito, basi. Akikosea hapo, ni njaa mpaka kaburini. Akaja kwata, kwata, kwata.

Fisi akamtazama. Shingo imekunjamana, kinywani hamna jino hata moja. Akasema moyoni: huyu hafiki mavuno.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Kumbe Bi Kobe ana miaka thelathini, na kwa kobe huyo bado mwali. Kobe huzaliwa na makunyanzi yake. Lakini Fisi hakuuliza umri. Aliuliza lake:

"Una shamba?"

"Ninalo. Tuapizane mbele ya wazee. Nikifa kwa njaa au kwa jino, shamba ni la ndugu zangu. Nikifa kwa uzee, ni lako. Na matanga yangu ufanye wewe, siku tatu, watu washibe."

"Siku tatu tu, bibi? Hata saba."

"Basi saba," akasema Bi Kobe. Wazee wakashuhudia.

Kiangazi kikaingia. Kobe kiangazi hulala, na Bi Kobe akavuta kichwa ndani, akavuta miguu ndani. Kimya. Fisi akagonga gamba: ko, ko, ko. Kimya. Akatoka mbio: "Bibi yetu katutoka, jamani!"

Watu wakajaa. Tembo alikuja na wakwe zake. Siku saba walikula, maana desturi yao mzee huzikwa siku ya mwisho, waliaji wakishashiba. Siku ya saba wakambeba mpaka shimoni. Kichwa kikatoka polepole.

"Uji wangu uko wapi?"

Kiangazi cha pili, kimya. Ko, ko, ko. Kimya. Safari hii Fisi hakuita mtu. Wakaja wenyewe.

"Anaweza kuamka," Fisi akasema.

"Wewe ni mganga?" Tembo akamjibu. "Uliapa. Pakua."

Wakala siku saba, mashamba ya Mbuni na Nyani yakaenda na vyungu. Shimoni, kichwa kikatoka.

"Uji wangu uko wapi?"

Kiangazi cha tatu ghala halikuwa na punje. Fisi akakopa mihogo kwa ndugu zake Bi Kobe, akaweka nyumba rehani. Watu wakala. Deni likamshinda Fisi, nyumba ikawa ya ndugu hao; Bi Kobe alipoamka alikuwa kwake.

Fisi amekonda, manyoya yamepukutika, meno yamebaki mawili. Siku moja akaja mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu," akasema Bi Kobe. "Una shamba?"

Nimeiacha! Haya semeni: Imebaki.

Na fundisho lake, wanangu, ni hili: mzee anywe uji wake, mambo ya mali awaachie wenye meno. Si ndivyo mnavyotaka kusikia? Nimeshasema. Na ile karatasi yako ya shamba langu, Kibwana, yenye mahali pa kuweka dole gumba langu, ifungie karanga.

Nikasimama, nikajitanda kanga.

"Mama, unakwenda wapi?" Kibwana akauliza.

"Kulala. Ukigonga nikanyamaza, usikimbilie kuita watu."

Nikatoka, nikafunga mlango.