Ngome Iliyonyweshwa Divai

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale, katika nchi ya milima yenye theluji, ambako watu hulima zabibu, palikuwa na tajiri aitwaye Volkmari. Alikuwa na binti mmoja, Afra, na tamaa moja: kujenga ngome kileleni.

Kilima kilikuwa kikavu, maji yako mbali bondeni. Lakini mwaka huo divai ilijaa hadi mapipa yakakosekana. Basi Volkmari akamwambia mwashi wake, Jodoki, "Koroga chokaa kwa divai."

"Bwana, ukuta tukiuzoesha divai, utaidai."

"Kwani ukuta una mdomo?"

"Bado, bwana."

Wakakoroga, wakajenga. Ngome ikasimama, nzuri ajabu.

Siku moja, jua likizama, ukuta ukasema, "Nina kiu." Volkmari akaumwagia kikombe. Mwaka uliofuata ukuta ukasema, "Nina kiu." Akaumwagia pipa zima. Mwaka wa tatu mvua ya mawe ikapiga mizabibu, divai isipatikane hata tone. Ukuta ukasema, "Nina kiu," na safari hii ukacheka. Kumbe ulikwisha kuwa zimwi.

Afra alikuwa akipita, akauegemea kwa kiganja. Mkono ukazama kama kwenye unga.

"Baba, bomoa."

Jodoki akaja mbio na nyundo. "Bwana, nipe ruhusa."

Volkmari akautazama mnara wake. Alimpenda mwanawe, wallahi alimpenda. Lakini akasema, "Ngoja kwanza. Pengine utamwachia."

Bega likazama. "Baba, bomoa."

"Ngoja, tukaombe divai kwa jirani."

Shavu likazama. "Baba, bomoa."

Ndipo Volkmari aliponyakua nyundo, akapiga, akapiga. Nyuma ya mawe akakuta mawe.

Volkmari akafa kwa majonzi. Ngome ikarithiwa, ikatekwa, ikauzwa, ikauzwa tena. Kila bwana mpya huambiwa kuwa ukuta hauombi divai siku hizi, na ni kweli. Jioni husikika tu sauti ya msichana ndani ya mawe: "Baba, bomoa."

Naye bwana mpya husema, "Nibomoe ngome nzuri hivi? Huo ni upepo," akafunga dirisha.

Hadithi yangu imekomea hapo, mlangoni pa ngome ile. Mimi ndani siingii. Nanyi watoto shikeni hili: kitu chako kikimkamata mtu wako, kivunje papo hapo. Usisimame kuutazama uzuri wake.