Usingizi wa Trekta

Palikuwa na kiwanda kimoja cha mbao, bati juu, ukuta hakuna, na katikati msumeno wa umeme wenye meno kama ya mamba. Msumeno ule ulikuwa wa watu wawili: mmoja asukume gogo, mwingine apokee upande wa pili. Anayesukuma hakai, haongei, haangalii pembeni. Ndiyo sheria yao. Na aliyesukuma miaka kumi na tisa bila kupoteza hata ukucha alikuwa pande la mtu, shingo nene kama kinu, mcheshi kweli kweli, wakamwita Trekta.

Msidhani ni kwa ajili ya nguvu, wajukuu zangu. Ni kukoroma. Mchana wakishakula walijitupa kwenye lundo la vumbi la mbao wapumzike, na huyo bwana, hujamaliza kuvua viatu, ameshawaka. Anakoroma mpaka bati linajibu. Halafu ghafla, kimya. Kifua kinahangaika, pumzi haipiti.

"Limezima! Mafuta yamekwisha!" Wenzake wanahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, hata ishirini na tano, mpaka ashtuke kama mtu anayeopolewa majini.

"Limewaka!"

Walikuwa watu wema wale, wangemtolea hata damu. Ila hakuna aliyejiuliza, mtu kukosa pumzi mpaka ishirini na tano, cha kuchekesha hapo ni kipi.

Mkewe ndiye hakucheka. "Baba watoto, wewe unakabwa usingizini. Mpaka nikusukume ndiyo unapumua."

"Ah! Anayekoroma amelala fofofo. Ukinisikia, shukuru, ujue nipo."

"Umelala fofofo, mbona unaamka kichwa kinakuuma? Mbona unasinzia na kijiko mdomoni?"

"Kazi, mama. Gogo halisukumwi kwa maneno."

Kusinzia huko kukamfuata mpaka kazini. Siku moja amesimama wima, macho nusu, anasukuma, na mkono unakwenda pamoja na gogo. Anayepokea alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe. Akapiga ukelele, akazima umeme. Meno yalisimama upana wa kidole kutoka kwenye ngozi.

"Shemeji! Umelala?"

"Nani alale? Nilikuwa nawaza."

"Unawaza nini, kuwa kilema?"

Siku ile ile shemeji akamkokota hospitali, yeye akabaki nje kwenye benchi. Ndani alikuwamo daktari, binti mdogo, mpole. Akapima presha, akapima tena. Akamulika koo. Akauliza anavyolala na kazi anayofanya.

"Baba, ukilala nyama za koo zinalegea, zinaziba njia ya hewa. Mwili unashtuka, unakuamsha kidogo bila wewe kujua. Unalala, unazibwa tena. Hivyo hivyo mpaka asubuhi. Ndiyo maana unaamka umechoka kuliko ulivyolala. Na kila ukizibwa presha inapanda, moyo unahangaika. Ukiacha hivi, moyo utachoka, au upate kiharusi."

"Dawa yake nini, binti yangu?"

"Ukapimwe ukiwa umelala. Kuna mashine inapuliza hewa, unaivaa puani kama barakoa, unalala nayo. Pombe uache, mwili upungue, dawa ya presha kila siku. Na msumeno usiusogelee mpaka nikuone tena."

Hapo kwenye msumeno ndipo masikio ya Trekta yalipojifunga. Miaka kumi na tisa, leo afagie vumbi huku mwingine anasukuma? Labda afe kwanza, ndivyo alivyojiambia.

"Kasema nini?" shemeji akauliza.

"Uchovu. Kanipa vidonge."

Nyapara wa kiwanda akapewa jibu hilo hilo. Mke naye hilo hilo, akamshukuru Mungu, maana alimwamini mumewe. Vidonge akameza wiki mbili, kichwa kikapoa, akavitupa juu ya kabati.

"Shemeji, rudi kwa daktari," yule ndugu akamsihi. "Mimi upande wa pili nakuona unavyoyumba."

"Wewe na dada yako mmeapa kuniuguza? Pokea mbao!"

Miezi minne haikutimia. Alfajiri moja mkewe akamkuta amekaa kitandani, mdomo umepinda, mkono wa kulia unaning'inia kama si wake. Anataka kusema, yanatoka mate. Wakambeba. Siku ya tatu akakata roho.

Daktari yule yule akawaita ndani, mjane na mdogo wake.

"Pole, mama. Msumeno aliuacha lini?"

"Auache? Nani alimwambia auache?"

Daktari akawatazama. Kisha akawaeleza yote, taratibu, kama alivyomweleza marehemu. Shemeji mtu akainamia magoti yake, hakuinuka. Mjane hakulia.

"Miaka yote hiyo nilikuwa namsukuma kwa mkono apumue," akasema. "Kumbe kulikuwa na mashine? Ningemvika mwenyewe, daktari. Kila siku ningemvika."

 

Dawa ilitamkwa, wajukuu zangu, ikafika mpaka mlangoni mwa sikio, ikakuta pamefungwa. Hata wahenga walishasema: sikio la kufa halisikii dawa.